Mashine ya Kijana wa Jirani

2 Februari

Baba Pacha, mkwe wangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo siku hizi ndilo linaloamua kama nitapanda ngazi za ofisini au nitasubiri mtu ashuke.

Utashangaa kukuta barua ndani ya soksi za wanao. Ningepiga simu, lakini unajua simu zetu mimi na wewe zilivyo. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." "Hamjambo huko?" "Hatujambo." Baada ya hapo tunapumuliana tu mpaka binti yangu anyakue simu aulize kuna nini. Kwa karatasi huenda tukaambiana neno la maana.

Jirani yangu ana kijana anayesomea uhandisi. Anahitaji kompyuta ya mezani yenye kuweza ile programu ya kuchora mabomba na kupiga hesabu za presha ya maji. Nadhani unaijua, hata ofisini kwetu wameileta mwaka huu. Uwezo wa nyumba yao si mkubwa. Hapa mjini kuna bwana anauza mashine zilizotumika, amezipanga chini kama viazi, nyingine bado zina vibandiko vya ofisi zilikotoka. Nimemuuliza ipi itafaa. Akaniambia yoyote. Mtu akiniambia yoyote itafaa mimi nafunga mkoba naondoka.

Nikakukumbuka wewe. Una duka, una jicho, na huna maneno mengi. Mchagulie vifaa kimoja kimoja, uniandikie nimsomee.

Usimwambie mke wako. Akisikia najihangaisha na mambo ya watu atanihubiria.

Mama mkwe wako

*

9 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Soksi tumezipata. Mmoja wa pacha amezivaa miguuni, mwenzake amezivaa mikononi na hataki kuvuliwa.

Umefanya vyema kuondoka kwa yule bwana. Mashine ya namna hiyo itafungua programu, kisha itakaa inazunguka mpaka kijana apate mvi.

Mwambie hivi. Mafundi wengi watamtajia kadi kubwa ya picha yenye mataa ya rangi. Hizo ni za wacheza michezo. Programu ya kuchora kazi zake nyingi huzipitisha kwenye kiini kimoja cha prosesa, kwa hiyo afadhali prosesa yenye viini vichache vinavyokwenda mbio kuliko yenye viini kibao vinavyokokota. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile tunayoiita ramu, aweke vijiti viwili na abakize nafasi ya kuongeza akipata. Diski iwe ile isiyozunguka, hapo hakuna mjadala. Kadi ya picha ya wastani inatosha, hata ikiwa imetumika, ila lazima niijaribu kwanza kwa mkono wangu.

Pawa saplai, ile inayolisha mashine umeme, ndiyo kifaa ambacho watu hukibania, na ndicho kisichotakiwa kubaniwa. Wewe mtu wa maji utanielewa. Ukifunga pampu dhaifu, hata mabomba yawe ya dhahabu, wa ghorofa ya tatu hawaogi.

Naomba kujua michoro yake ni mikubwa kiasi gani, na kama anahitaji kuigeuzageuza aione pande zote. Na kama ana skrini.

Vifaa nitamtolea kwa bei ya jumla, ndiyo faida ya kuwa na duka. Siku hizi wateja ni wengi, nashukuru.

Mkweo,
Baba Pacha

*

17 Februari

Baba Pacha,

Nimemsomea kijana barua yako na mfano wa pampu ameufurahia sana.

Michoro yake ni ya mtaa mzima. Bomba kuu, matawi, valvu, tangi, kila nyumba na mita yake. Na ndiyo, injinia wake anataka igeuzwe pande zote. Mwalimu wake, nilitaka kusema.

Skrini hana. Iwe kubwa. Kijana huyu anavaa miwani ya kusomea na maandishi madogo yanamtesa. Kibodi nayo iwe ya herufi zinazoonekana. Kama kuna njia ya kurudisha kitu kilichofutika kwa bahati mbaya, aoneshwe hiyo kwanza kabla ya jambo jingine lolote.

Ana mtihani mwishoni mwa Juni. Akiufeli atapoteza nafasi yake. Ni mtu mwenye haya, hapendi kujifunza mbele ya watu. Fedha za vifaa zimo ndani ya bahasha hii.

Mama mkwe wako

*

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimemwelewa kijana wako vizuri kabisa. Mtu mwenye miwani, mtihani na hofu ya kufuta kazi yake, mimi namheshimu hata kabla sijaonana naye. Sina swali jingine juu yake na sitalitafuta.

Mashine inakuja kwa masanduku mawili. Moja ni kasha, nimeliunga lote na kulijaribu. Prosesa ni ya viini sita, si mpya sokoni lakini ina mwendo. Mazabodi, ile bodi kuu, ni ya kawaida, ina nafasi mbili za ramu zilizobaki wazi. Kadi ya picha imetumika, niliiwasha kutwa nzima na haikulalamika. Pawa saplai nimepata ya jina nisilolizoea, lakini kibandiko chake kinasema inatosha. Sanduku la pili ni skrini ya inchi ishirini na saba, ina mkwaruzo pembeni ambao hata mwenye miwani hatauona.

Kwenye kibodi nimebandika vidoto viwili vyekundu. Akifuta kitu kwa bahati mbaya, abonyeze kidoto cha chini akishikilie, kisha kidoto cha juu. Kila kitu kitarudi. Akizidi kuogopa, abonyeze tena na tena, kitarudi na cha jana.

Mwambie asione haya. Mimi mwenyewe siku ya kwanza kufungua kompyuta niliogopa kuizima, nikaiacha ikiwaka nikaenda zangu nyumbani.

Mkweo,
Baba Pacha

*

20 Machi

Baba Pacha,

Mungu akuzidishie. Ungeliniona siku ilipowaka! Kijana, yaani. Aliiwekea kitambaa juu ili isipate vumbi, akakitoa, akakirudisha. Ameshachora mtaa mmoja wenye nyumba kumi na kitu, polepole, na vile vidoto vyekundu vimeanza kupauka.

Ila kuna tatizo. Akichora ubapa, mashine iko kimya kama maji mtungini. Akianza tu kuugeuza mchoro auone pande zote, inazima. Puu. Hakuna onyo wala nini. Akiwasha inawaka, akigeuza inazima. Jana imempotezea kazi ya jioni nzima, na kidoto chekundu hakirudishi kitu kama umeme umekatika.

Alhamisi ofisi inanituma huko kwenu kuchukua karatasi. Nitaifungua hiyo pawa saplai kwa bisibisi nije nayo dukani kwako uniangalizie. Usihangaike kuandaa chochote, nitakaa dakika chache tu. Nina hamu pia ya kuona duka, maana tangu uliponikaribisha siku ya ufunguzi sijarudi.

Mama mkwe wako

*

27 Machi

Baba Pacha,

Alhamisi sikupata nafasi ya kupita. Nilikaa sana kwenye foleni ya karatasi, goti nalo likagoma, nikarudi moja kwa moja. Mtaa wenu ule sikuufika kabisa. Kwa hiyo usipate taabu ya kunieleza jambo lolote.

Ndani ya bahasha kuna fedha. Nunua pawa saplai unayoiamini popote utakapoiona, si lazima itoke dukani kwako. Maduka yote hayawezi kuwa na kila kitu. Kitakachobaki wanunulie pacha viatu.

Kula vizuri. Kazi yoyote ile, mtu lazima ale.

Usimwambie mke wako.

Mama

*

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimetoka ofisi ya vifurushi sasa hivi. Karani alinipigia mimi kwa sababu simu ya mume wangu haikupatikana, akanipa bahasha yenye mwandiko wako. Nikajua ni yangu, nikaifungua. Nimesimama pale kaunta na fedha mkononi, nasoma "Usimwambie mke wako," na karani ananitazama.

Tangu lini, Mama? Tangu lini mume wangu anakuomba?

Nimesoma habari za pawa saplai. Sijui ni hadithi aliyokutungia au mmeitunga pamoja. Nilipompigia rafiki yangu wa huko kumuuliza ameshasikia nini, akaniambia eti umesema unamnunulia kompyuta kijana wa jirani. Mama, jirani yako mmoja ni mjane, mwingine ni seremala ambaye hana mtoto. Kijana yupi?

Sasa nikuambie ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Duka lilifungwa mwaka jana. Hajaniambia. Kila asubuhi anavaa shati lililopigwa pasi, anachukua funguo za duka ambazo hazifungui mlango wowote, ananiaga. Nimejua kwa sababu ndiye ninayefua. Kola zake zina vumbi jeupe la vigae, na mifuko ina nyuzi za magunia. Yuko ghalani anapakua mizigo. Nilimwona kwa macho yangu siku moja, ana boksi begani, nikapita upande wa pili wa barabara nikajitia kutazama viatu dirishani. Nimenyamaza ili asijue nimemwona. Nafua, napiga pasi, nampa shati. Nilifikiri hiyo ndiyo heshima niliyobaki nayo ya kumpa.

Kupakua vigae si aibu, Mama. Ningemwambia hivyo kama angeniruhusu. Lakini kumwomba mama mkwe kwa siri, na wewe ukampa, na mkanificha kama mtoto mdogo, hilo limenivua nguo. Yaani nyumba yangu inalishwa na mama yangu mwenye goti bovu, na mimi nacheka na wageni sebuleni.

Fedha zako ninazo. Sijamwambia kitu. Niandikie ukweli. Ukiniambia amekuomba, nachukua watoto nakuja huko, na kurudi hapa sijui.

Binti yako

*

3 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijui kama barua hii nitaituma.

Barua yako ya kunijulisha utapita Alhamisi imenifikia Alhamisi ikiwa imeshapita. Nimekimbia mpaka pale lilipokuwa duka langu. Siku hizi wanauza magodoro. Muuzaji ananifahamu, akaniambia bila hata kumuuliza: "Alikuja mama mmoja amekumbatia kitu kimefungwa kwenye kitambaa, akauliza Baba Pacha yuko? Nikamwambia huyo alifunga zamani." Anasema ulikaa juu ya godoro la maonyesho ukapumzika. Ukaomba maji. Ulipoinuka ukamwambia, "Samahani mwanangu, nimekosea mtaa."

Umekosea mtaa, Mama. Umesema hivyo kwa muuzaji wa magodoro ambaye hata hakujui, ili kunisitiri mimi.

Nilishindwa kodi. Sina hadithi ndefu zaidi ya hiyo. Nilidhani ningepata pengine ndani ya mwezi, kwa hiyo sikumwambia mke wangu, na mwezi ulipokwisha nikawa tayari na uongo wa mwezi mmoja wa kuulinda. Sasa nafanya kazi kwenye ghala la vigae. Mashine yako niliiunga huko huko, wakati wa mapumziko, juu ya maboksi, wenzangu wakinishikia tochi ya simu. Wao ndio waliokuwa wananiita tena Fundi, na nilipenda sana kulisikia jina hilo.

Kuhusu pawa saplai, hapo ndipo nashindwa kuinua uso. Nilikuahidi bei ya jumla. Nani atamuuzia kuli kwa bei ya jumla? Vifaa vyote vilinigharimu kama mteja mwingine yeyote, na fedha yako ikaisha kabla sijamaliza. Ningeweza kukuambia haitoshi. Lakini ungeuliza, vipi wakati duka ni lako? Basi nikanunua ile ya bei rahisi, nikijua. Mimi niliyekuandikia habari za pampu dhaifu. Nimekufa na tai shingoni, na aliyezimiwa mashine ni wewe.

Ndiyo, najua ni wewe. Nilijua tangu uliposema "injinia wake". Nisamehe kwa kulitamka.

Nitanunua nyingine kwa jasho langu. Nipe muda kidogo tu. Na nakuomba kitu kimoja ambacho sistahili. Mke wangu asijue. Ananiamini. Kila asubuhi ananipigia pasi shati.

Baba Pacha

*

9 Aprili

Binti yangu,

Barua yako nimekaa nayo mezani tangu juzi nikitafuta uongo wa kukujibu. Nimetunga, nimechana, nimetunga tena. Ningeweza kukuambia ni mkopo wa chama. Ningeweza kukwambia kijana wa jirani ni mpwa wa seremala. Lakini kila uongo niliougusa ulimwacha mume wako akionekana mwombaji, na mimi mama mwema. Siwezi.

Mume wako hajaniomba kitu, si jana wala siku nyingine. Mwombaji ni mimi.

Kijana wa jirani ni mimi.

Unajua nimechora ramani za mabomba tangu hujazaliwa. Unaijua meza yangu, kalamu zangu za wino, jina la Mama Rula walilonipa ofisini. Mwaka huu wameleta mashine na meza za kuchorea zimetolewa nje, yangu wameigeuza ya kuwekea birika. Siku ya kwanza kuniweka mbele ya hiyo programu, niligusa kitufe nisichokijua na mtaa mzima ukapotea kwenye kioo. Mtaa mzima, mabomba na matangi. Chumba kizima kikacheka. Mmoja akasema, "Mama Rula amefungia watu maji!" Nikacheka nao. Nilicheka kuliko wote. Kisha nikaingia chooni nikakaa humo mpaka walipoanza kuniulizia.

Tangu siku hiyo sijaigusa mashine ya ofisini. Nasema macho yananiuma. Kuna injinia mdogo, mtoto mwenye adabu, ananichorea yeye, na jina langu linaandikwa chini. Kila mwezi napokea mshahara wa kazi ya mtoto wa watu. Nikimpa chungwa wakati wa mapumziko anakataa, na kule kukataa kwake kunaniuma kuliko kicheko.

Sasa wamebandika tangazo kwamba wachoraji wote watapimwa mwishoni mwa Juni, na atakayeshindwa atatafutiwa shughuli nyingine. Tunajua shughuli nyingine ni ipi. Ni kuchemsha chai kwenye ile meza yangu.

Ndipo nikataka mashine ya kujifunzia nyumbani, nimefunga mlango. Ningekuambia wewe? Wewe niliyekuwa nakufokea, "Usione haya kuuliza darasani, asiyejua ndiye anayesoma"? Wewe unayewaambia watu mama yako ndiye aliyechora maji ya mji huu? Nilishindwa. Nikamwendea mume wako kwa sababu anajua kunyamaza, na hata yeye nikamdanganya.

Habari ya duka sikuijua mpaka nilipofika mlangoni nikakuta magodoro. Zile fedha ni za kifaa cha mashine yangu, na lile "usimwambie mke wako" lilikuwa la kunilinda mimi, si yeye. Barua yake imenifikia pia. Ndani yake ananisihi usijue habari ya duka, eti unamwamini, kila asubuhi unampigia pasi shati. Na wewe umeniandikia unapiga pasi ili asijue umejua. Nimezisoma zote mbili meza moja. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu haikuwa kicheko tena.

Usije huku na watoto. Kaa naye. Mwambie umejua. Kama itakuwa vigumu kuanza, anza na mimi. Mwambie mama amekiri yeye ni kijana wa jirani. Nitoe mimi mbele, aibu yangu ni kubwa ya kutosha kuwaziba nyote wawili.

Mama

*

15 Aprili

Mama,

Nimesoma barua yako jikoni, nimeketi sakafuni, pacha wananipanda mabegani.

Nilikuandikia maneno makali na wewe ulikuwa unakaa chooni. Sijui nifanye nini na hilo.

Jana nilimpa shati asubuhi kama kawaida. Safari hii sikulipiga pasi. Akalitazama, akanitazama. Nikamwambia, "Boksi za vigae hazihitaji pasi, Baba Pacha." Akakaa kitandani. Funguo za duka zilikuwa mkononi. Kisha akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akafunika uso kwa shati lile lile. Nilitaka kumkumbatia, lakini niliona haya, Mama, kama bibi harusi. Miezi yote ile nimemwangalia akitoka na njaa ya kusema, nikajisifu moyoni kwamba namsitiri. Nilikuwa najisitiri mimi, nisione anavyoumia.

Habari yako nilimwambia mwisho. Akasema, "Najua. Nilimbandikia vidoto."

Fedha zako nimempa. Amezikataa mara mbili, ya tatu nikazitia mfukoni mwake mwenyewe.

Samahani.

Binti yako

*

22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Ndani ya sanduku kuna pawa saplai. Hii naijua, na nimeichagua pamoja na mke wangu. Alikuja mpaka ghalani wakati wa mapumziko, akasalimiana na wenzangu wote mmoja mmoja, akashika tochi. Nyaya ni nene kidogo kuliko zile za kwanza. Ile kubwa iende kwenye mazabodi, ile yenye vichwa viwili iende kwenye kadi ya picha. Bonyeza mpaka usikie "ta". Usipoisikia haijaingia.

Sijawa na uso wa kukupigia simu bado. Nikikutana na wewe sijui nitasimama wapi. Lakini nataka ujue kwamba sasa naondoka nyumbani na nguo za kazi, na mtaa mzima unaniona. Wiki ya kwanza nilipita njia ya uchochoroni. Wiki hii nimepita barabarani. Jirani mmoja aliniuliza duka je? Nikasema, "Lilikufa." Neno lilitoka dogo kuliko nilivyodhani.

Geuza mchoro, Mama. Ugeuze pande zote. Ikizima tena, kosa ni langu na nitakuja mwenyewe.

Mkweo,
Baba Pacha

*

6 Julai

Wanangu wawili,

Mashine haikuzima tena. Niligeuza mtaa mpaka nikaona kizunguzungu.

Mtihani nimefeli.

Nawaambia mapema ili msisome barua nzima mkitarajia. Walitupa michoro mitatu. Wa kwanza niliumaliza, wa pili pia. Wa tatu niliutazama, nikajua kila bomba linapotakiwa kupita, lakini mkono ulikuwa bado unatafuta vitufe muda ulipokwisha. Majina yakabandikwa ukutani. Langu lilikuwa chini ya mstari, na limeandikwa kwa herufi kubwa hasa, nadhani na wao wana skrini ya inchi ishirini na saba. Watu waliokuwa wananisalimia kwa sauti wakaanza kutazama viatu vyao. Wamenipa nafasi ya kurudia Septemba, na mpaka hapo sitachora kitu.

Siku hiyo, wakati wa chai, nilikuwa nimesimama karibu na birika, kwenye meza yangu mwenyewe. Sikupanga kusema. Nilisema tu, kwa sauti iliyonishangaza: "Injinia mdogo ndiye aliyekuwa akinichorea tangu Januari. Sikuwa najua. Sasa najua kidogo. Nina mashine nyumbani, kila jioni najifunza. Ambaye hajui na anataka kujua, mlango wangu anaujua." Mtu mmoja aliendelea kukoroga chai isiyo na sukari. Uso uliniwaka mpaka masikioni, nikajiambia, haya, umejimaliza mwenyewe.

Injinia mdogo alinifuata koridoni. Nilidhani amekasirika nimemtaja. Akaniomba chungwa.

Jumatatu jioni alikuja msoma mita mzee, akasema amekuja kuangalia mita yangu, ilhali alishaiangalia mwanzoni mwa mwezi. Aliingia, akaiona mashine, akavuta kiti. Jumatano akaja bibi wa masjala na miwani yake mwenyewe. Sasa tunapokezana kipanya. Nawafundisha lile ninalolijua, wakiniuliza nisilolijua nawaambia silijui, na ninazidi kuzoea kulisema.

Jumamosi mchana nilikuwa peke yangu. Nikasikia hodi ndogo, ya mtu asiyetaka kusikika na majirani. Nikafungua. Alikuwa mkuu wa ofisi mwenyewe, aliyesaini tangazo la mtihani na aliyebandika jina langu chini ya mstari. Amevaa kofia iliyomshukia machoni. Mkononi ana mfuko wa machungwa, anaushika kama mtoto aliyetumwa.

"Nimepita tu," akasema.

"Karibu, mkuu."

Hakuingia. Akatazama nyuma, akanitazama mimi, akatazama mfuko. "Mama Rula," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, "ile michoro mnayoniletea nisaini. Humo ndani ya mashine. Mtu akitaka kuifungua aione, anaanzia wapi?"

Tangu Januari, wanangu, amekuwa akisaini asichokiona.

Nilidhani ningefurahi. Badala yake niliona haya yake kama ni yangu, nikashindwa kumtazama. Nilimpokea mfuko. Nikampisha. Nikafunga mlango nyuma yake, nikashusha pazia la upande wa barabarani, nikamvutia kiti changu chenye mto.

"Kaa, mkuu," nikamwambia. "Hapa hakuna aliyekuona ukiingia."

Mama yenu